Mfanyakazi wa kumi na mstari wa 270,000

Slipu mbili zimelazwa sambamba juu ya meza ya plastiki, nje ya kibanda cha kuchapia karatasi, Mtwara mjini. Zote ni za mtu mmoja, mhudumu wa ofisi katika halmashauri. Moja ni ya Juni 2025, nyingine ya Julai. Ya Juni mshahara ni 370,000. Ya Julai ni 500,000, kile kima cha chini kipya kilichotangazwa Mei Mosi pale Singida. Lakini mwenyewe haangalii mshahara. Kidole chake kimekaa kwenye mstari wa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara.

Juni: 6,520.

Julai: 16,400.

"Mshahara umepanda theluthi," anamwambia kijana wa kibandani, "kodi imepanda mara mbili na nusu. Sasa hapo aliyeongezwa ni nani?"

Kijana anacheka, anampa chenji yake, maisha yanaendelea. Swali lakini halikuondoka. Limekaa wiki kadhaa, kwa sababu jibu la haraka, kwamba serikali imempa kwa mkono huu ikamnyang'anya kwa ule, linavutia sana. Nalo ni nusu tu ya jibu.

## Kilichotokea kwenye slipu

Kwanza hutolewa mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ambao kwa mtumishi ni asilimia 5. Kwenye 500,000 hiyo ni 25,000, inabaki 475,000, na hiyo ndiyo inayopimwa kodi. Shilingi 270,000 za mwanzo haziguswi. Kinachozidi hapo, hadi 520,000, hukatwa asilimia 8. Kwa hiyo 475,000 toa 270,000 ni 205,000, na asilimia 8 yake ni 16,400. Ukiondoa na bima ya afya, NHIF, 15,000, anabaki na 443,600 mkononi, kama hadaiwi na Bodi ya Mikopo na kama chama cha wafanyakazi hakijachukua chake.

Hesabu iko sahihi. Hakuna aliyekosea.

Rudi nyuma kidogo. Kabla ya Julai 2020 mstari wa kuanzia kodi ulikuwa 170,000 na asilimia ya kwanza ilikuwa 9. Mtumishi wa kima cha chini, enzi hizo 300,000, alikatwa 10,350. Mwaka huo mstari ukasogezwa hadi 270,000 na kodi yake ikaporomoka hadi 1,350. Julai 2021 asilimia ikashushwa kutoka 9 hadi 8, ikawa 1,200. Julai 2022 mshahara ukapanda hadi 370,000, kodi 6,520. Julai 2025, 16,400.

Tazama mlolongo huo vizuri. Tangu 2021 hakuna bajeti iliyopandisha kodi ya mtu huyu. Mshahara ulitembea, mstari ukabaki umesimama.

Asilimia ya kwanza ya PAYE imeshushwa mara nyingi: 14, kisha 13, 12, 11, 9, na sasa 8. Kila ikishuka bungeni meza hugongwa. Mstari ukikaa mahali pamoja miaka mitano, hakuna meza inayogongwa wala anayezomea, kwa kuwa hakuna kilichosomwa kwenye hotuba.

## Hapa ndipo jibu la haraka linapokwama

Fedha ya 2020 si fedha ya 2025. Mfumuko wa bei nchini umekaa kwenye asilimia 3 hadi 4 na kidogo kwa mwaka. Ukichukua 3.5 na kuizidisha kwa miaka mitano, 270,000 ya 2020 ni sawa na kama 320,000 ya 2025. Hapo ndipo mstari ungekuwa leo kama ungekuwa unafuata bei za sokoni.

Sasa mpime mhudumu wetu kwa mstari wa 320,000. Kinachozidi ni 155,000, na asilimia 8 yake ni 12,400.

Maana yake ni kwamba kati ya zile 16,400, mstari uliolala umemla 4,000. Zilizobaki anazilipa kwa sababu ana nafuu kuliko alivyokuwa, na kodi ya mapato ndivyo ilivyotungwa: ukipata zaidi, unatoa zaidi.

Hilo halipendezi kuandika. Ingekuwa rahisi kuacha zile slipu mbili ziongee zenyewe.

Lakini mtu anayeumizwa na mstari uliolala si yeye. Ni yule ambaye hakupandishiwa chochote cha maana. Chukua muuzaji wa duka la vifaa vya ujenzi pale Masasi, sekta binafsi, aliyelipwa 290,000 mwaka 2020. Tajiri wake ni mtu wa haki, amekuwa akimwongeza kidogokidogo kufuata bei, na leo anampa 345,000. Kwa unga, nauli na kodi ya chumba, huyu yuko palepale alipokuwa. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, ni asilimia 10. Mwaka 2020 alibaki na 261,000 baada ya mchango, chini ya mstari, akalipa kodi sifuri. Leo anabaki na 310,500, kinachozidi ni 40,500, na PAYE ni 3,240.

Hajatajirika hata kwa shilingi. Ameingia kwenye kodi akiwa amekaa kitini.

## Ukisogeza mstari, nani anakula?

Watu wengi wakifika hapa wanasema: basi mstari upelekwe 500,000, maskini wapumue. Ukiishika kalamu unaona shida.

Mstari ukitoka 270,000 hadi 500,000 huku asilimia zote zikibaki, kila anayepata zaidi ya 500,000 anaokoa asilimia 8 ya 230,000, yaani 18,400 kwa mwezi. Mhudumu wetu anaokoa 16,400, kwa sababu hana zaidi ya hizo. Mkurugenzi wa milioni 5 anaokoa 18,400 kamili.

Nafuu ya maskini, na bosi kapata zaidi.

Ndiyo tabia ya mstari wa chini: ukiusogeza, unawasogezea wote walio juu yake. Na juu yake wapo wengi wasio na shida. Ngazi zetu zenyewe zinaishia mapema. Kinachozidi 1,000,000 kwa mwezi hukatwa asilimia 30 na hapo ngazi imekwisha. Daktari wa 1,100,000 na meneja wa 20,000,000, shilingi yao ya mwisho inakatwa sawasawa. Kenya tangu Julai 2023 wameongeza ngazi mbili za juu, ya asilimia 32.5 na ya 35, kwa wanaopata mamilioni. Sisi ngazi ya juu nayo imelala tangu 2020.

Kuna hesabu moja nyembamba ambayo ukishaiona huwezi kuisahau. Leo mtu wa 520,000 (baada ya mchango) analipa 20,000, yaani asilimia 8 ya 250,000. Sogeza mstari hadi 320,000. Sasa kati yake na 520,000 kuna 200,000. Weka asilimia 10 badala ya 8. Asilimia 10 ya 200,000 ni 20,000 ileile. Kwa hiyo kila aliye juu ya 520,000 habadilikiwi na chochote, na hazina haipotezi senti kwa bosi yeyote. Muuzaji wa Masasi anatoka kwenye kodi kabisa. Anayebakiwa na 360,000 baada ya mchango anashuka kutoka 7,200 hadi 4,000. Mhudumu wa halmashauri, ambaye tulishaona kuwa hakuumizwa kama alivyodhani, anapata nafuu ya 900 tu.

Nafuu inamfikia mlengwa, kwa gharama ndogo. Na haitapita kirahisi, kwa sababu kwenye magazeti ya kesho yake itasomeka kwamba asilimia ya PAYE imepanda kutoka 8 hadi 10.

(Jambo la pembeni, lakini linauma: mtumishi wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya serikali, posho zake za nyumba, usafiri, madaraka na muda wa ziada hazikatwi kodi ya mapato. Karani wa kampuni binafsi akipewa posho ya nyumba 150,000, inaingia yote kwenye hesabu. Wanapanga nyumba ya mwenye mmoja, mtaa mmoja, pale Shangani.)

## Kodi isiyoonekana kwenye slipu

Mjadala wetu wote wa kodi ya mishahara unaishia kwenye PAYE kwa sababu ndiyo inayochapwa. Kuna nyingine anayoilipa mwajiri, nayo haichapwi popote mfanyakazi anapoweza kuiona: tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara yote ghafi, ikiwa una wafanyakazi kumi au zaidi.

Mchukue mfanyakazi wa 400,000 kwa mwajiri wa aina hiyo. Mwajiri anatoa mshahara 400,000, NSSF upande wake 40,000, mfuko wa fidia WCF asilimia 0.5 ambayo ni 2,000, na SDL 14,000. Jumla 456,000. Mfanyakazi anakatwa NSSF 40,000 na PAYE 7,200, anaondoka na 352,800.

Kati ya kilichotoka mfukoni mwa mmoja na kilichoingia mfukoni mwa mwingine kuna pengo la 103,200. Ondoa 80,000 za NSSF, hizo ni akiba yake mwenyewe. Ondoa 2,000 za WCF, hiyo ni bima ya siku mashine itakapomkata kidole. Kodi halisi ni 7,200 za PAYE na 14,000 za SDL.

SDL ni karibu mara mbili ya PAYE.

Kwa mshahara mdogo ndivyo ilivyo, na sababu ni moja: PAYE ina mstari wa chini, SDL haina. Inaanza kwenye shilingi ya kwanza. Mfanyakazi wa 200,000, ambaye PAYE yake ni sifuri, anamgharimu mwajiri 7,000 za SDL. Sheria ya kodi ya mapato imemhesabu kuwa ni maskini mno kulipa. Sheria ya pili haijaulizwa.

## Huyu wa kumi

Karakana ndogo ya kubangua korosho, upande wa Newala. Wafanyakazi tisa, kila mmoja 400,000. Oda ya korosho nyeupe imekuja, anahitajika mtu mmoja zaidi kwenye kupanga madaraja. Mhasibu, binti anayepita kila mwisho wa mwezi kufunga vitabu, anavua miwani.

"Mzee, huyu wa kumi msubirishe."

"Nimsubirishe hadi lini, mwanangu? Mzigo unaondoka wiki ijayo."

Hesabu ya binti ni hii. Ukiwa na tisa, mishahara ni 3,600,000 na SDL ni sifuri. Ukiwa na kumi, mishahara ni 4,000,000, na SDL inatozwa kwa wote kumi: 140,000 kwa mwezi. Kwa hiyo mtu wa kumi hagharimu 442,000 pamoja na NSSF na WCF. Anagharimu 582,000. Tozo ya mwezi inafika theluthi ya mshahara wake, na kwa mwaka ni 1,680,000.

Kabla ya Julai 2021 ukuta huu ulikuwa kwenye mfanyakazi wa nne. Kuusogeza hadi wa kumi kuliwaokoa wadogo wengi, na lilikuwa jambo jema. Lakini ukuta uliosogezwa bado ni ukuta, na watu wanajua kuuzunguka. Wapo wanaofungua majina mawili ya biashara chini ya paa moja, tisa huku na tisa kule. Wapo wanaoandika "vibarua" na kulipa kwa kilo iliyobanguliwa, taslimu, kwenye daftari la mistari. Wengi zaidi hubaki na tisa na kukataa oda.

Njia mbili za kwanza hulipuka siku ya ukaguzi. Kibarua naye ni mfanyakazi kwa macho ya tozo hii, na deni likishahesabiwa huwa ni la miezi yote iliyopita, pamoja na riba. Njia ya tatu haina adhabu. Ndiyo maana inapendwa, na ndiyo inayotugharimu kama mkoa.

Kuna msamaha wa kilimo, na hapa watu wengi hukosea. Msamaha ni kwa wafanyakazi wanaofanya kazi ya shamba moja kwa moja. Anayepalilia mikorosho na kupuliza salfa hahesabiki. Korosho ikishaingia karakanani, anayeipika, anayeibangua, anayemenya ganda la ndani na anayepanga madaraja, wote wanahesabika, kwa sababu huo ni usindikaji. Msimamizi wa shamba naye anahesabika.

Sasa tazama ramani ya zao lenyewe. Korosho nyingi ya Mtwara na Lindi hutoka AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, huingia ghalani, hupigwa mnada, hupakiwa ikiwa ghafi na kwenda India na Vietnam. Njia hiyo inahitaji wachukuzi, makarani na walinzi kwa miezi michache. Anayeamua kubangua hapahapa anahitaji mikono mingi, mwaka mzima ikiwezekana, na hao ndio wanaobeba tozo ya mishahara. Serikali haijalala kabisa: korosho ghafi inayosafirishwa hulipa ushuru wa asilimia 15 ya bei ya bandarini, au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Lengo lake mojawapo ni kumpendelea mbanguaji wa ndani. Lakini mbanguaji huyohuyo akifikisha watu kumi, tunamtoza kwa kuajiri.

Dawa haihitaji kufuta SDL. Ipewe mstari wa chini kama ndugu yake PAYE, badala ya kuhesabu vichwa. Tuseme 3,600,000 za kwanza za mishahara ya mwezi hazitozwi, kwa kila mwajiri, mkubwa na mdogo. Mtu wa kumi pale Newala angeleta SDL ya 14,000, si 140,000. Kiwanda kikubwa cha watu mia tano nacho kingepunguziwa 126,000 kwa mwezi, fedha ambayo kwake ni ya mafuta ya gari moja. Na faida ya kugawa duka mara mbili ingepungua.

Swali gumu ni waajiri wa watu tisa au pungufu wenye mishahara minono, ambao leo hawalipi kitu. Ofisi ya wataalamu sita, kila mmoja milioni 3, ina mishahara ya 18,000,000. Kwa mstari wa aina hii ingeanza kulipa 504,000 kwa mwezi. Watapiga kelele, na kelele zao zinafika Dodoma haraka kuliko za mbanguaji.

## Kampuni, kwa ufupi

Mwenye karakana anashauriwa kila mara: sajili kampuni, utapata zabuni za wakubwa wa gesi na saruji. Ni kweli. Lakini kodi inamwambia kinyume.

Tuseme anaandaa hesabu kamili na faida ya mwaka ni milioni 30. Akiwa mtu binafsi, ngazi zilezile za mtu mmoja zinamhusu: 3,240,000 za mwanzo hazitozwi, kisha asilimia 8, 20, 25, na 30 kwa inayozidi milioni 12. Jumla 6,936,000. Akiwa kampuni, ni asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza: 9,000,000. Akitaka kuzitoa zile 21,000,000 zilizobaki kama gawio, asilimia 10 nyingine inazuiwa, 2,100,000. Jumla 11,100,000, yaani asilimia 37.

Mwenye akili hujilipa mshahara kutoka kwenye kampuni yake, kwa sababu mshahara ni gharama inayopunguza faida. Halafu anakumbuka kwamba mshahara wake nao unaingia kwenye SDL. Na kwamba yeye mwenyewe, kwa mshahara huo, ndiye mfanyakazi wa kumi.

Kuna na suala la tarehe. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Fedha ya korosho huingia kati ya Oktoba na Februari. Awamu za Juni na Septemba zinamkuta mtu hana hata ya dizeli. Wengi hukadiria chini makusudi, wakitegemea kurekebisha mwishoni. Kurekebisha kunaruhusiwa, na kila awamu iliyobaki hugawana kodi iliyobaki. Ila ukikadiria chini ya asilimia 80 ya kodi halisi, riba inakusubiri.

## Msimu haujui Januari

Sheria ya kodi ya mapato hupima mwaka. Jedwali la mwezi analotumia mwajiri ni mwaka uliogawanywa kwa 12: 270,000 ni 3,240,000 iliyokatwa vipande. Kwa mwalimu anayelipwa Januari hadi Desemba haina tofauti. Kwa Kusini, ambako kazi nyingi ni za msimu, ina tofauti kubwa.

Karani wa mizani kwenye ghala la korosho analipwa 600,000 kwa mwezi, Oktoba hadi Januari. NSSF 60,000, inabaki 540,000. Kodi ya mwezi ni 20,000 kwa 520,000 za mwanzo, na asilimia 20 ya zile 20,000 zilizozidi, jumla 24,000. Miezi minne, 96,000. Tuseme miezi mingine analima ufuta wa kula na kuuza kidogo. Mshahara wake wa kutozwa kodi kwa msimu mzima ni 2,160,000, haufiki hata mstari wa mwaka. Kwa kipimo cha mwaka, kodi yake ni sifuri.

Amelipa 96,000 asizodaiwa. Na sheria haimlazimu kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka, kwa kuwa kipato chake cha kutozwa ni mshahara na mwajiri kamkata tayari. Matokeo yake hakuna mahali mwaka wake unapojumlishwa.

Ikitokea malipo yamechelewa, mambo huharibika zaidi. Mchukuzi wa 350,000 ambaye hakulipwa Oktoba wala Novemba, akapewa miezi mitatu kwa mkupuo Desemba. Kila mwezi peke yake PAYE ingekuwa 3,600, jumla 10,800. Mkupuo wa 1,050,000 ukiingizwa kwenye jedwali la mwezi mmoja, baada ya NSSF ni 945,000, na kodi ni 114,250. Mwajiri ndiye aliyechelewa. Aliyekatwa ni mwingine.

Waingereza walikutana na hili mapema. PAYE yao tangu 1944 hujumlisha: kila mwezi unachukua kipato chote tangu mwaka wa kodi uanze, unatoa msamaha wa miezi yote iliyopita, unapata kodi inayotakiwa hadi leo, unaondoa iliyokwishakatwa. Tofauti ikiwa chanya unakata, ikiwa hasi unamrudishia.

Jaribu kwa karani wetu. Oktoba ni mwezi wa kumi, msamaha uliokusanyika ni 2,700,000, kipato 540,000, kodi sifuri. Novemba sifuri. Desemba sifuri. Mpaka hapo mfumo unapendeza mno.

Halafu inaingia Januari. Mwaka mpya, msamaha umeanza upya, ni 270,000 tu. Kipato 540,000. Kodi 24,000. Februari msamaha unafika 540,000, kodi inayotakiwa inarudi sifuri, anatakiwa arudishiwe 24,000 zake. Arudishiwe na nani? Ghala limefungwa, mkataba umekwisha, karani yuko shambani.

Wazo la kuhamisha mwaka wa kodi uanze Julai, sambamba na bajeti, linaonekana kama suluhisho hadi ulikokotoe. Kufikia Januari msamaha wa miezi saba ni 1,890,000, kipato ni 2,160,000, atakatwa 21,600 kwa kuwa mfumo unadhani Februari naye atalipwa. Tatizo limepungua kwa 2,400. Kumbe si kalenda. Msimu wowote unaoisha kabla ya mwaka kuisha huacha fedha ya mtu hazina, na mlango wa kuirudisha lazima uwe kwa mamlaka ya kodi, si kwa mwajiri aliyekwishaondoka.

Vifaa vya mlango huo vipo. TIN ya mtu, namba yake ya mlipa kodi, hutolewa kwa namba yake ya kitambulisho cha taifa, NIDA. Ritani za PAYE za mwajiri hupelekwa kwa mtandao kila mwezi, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, zikiwa na majina na kiasi cha kila mmoja. Fedha ya mnada humfikia mkulima hadi kwenye akaunti yake. Kilichobaki ni kujumlisha mwezi wa Januari majina yaleyale kwa mwaka uliopita, na kutuma tofauti kwenye simu.

Kwa sasa anayetaka chake lazima aombe mwenyewe, kwa maandishi, ndani ya miaka mitatu tangu alipe. Ahakikishe mwajiri ameingiza TIN yake sahihi kwenye ritani, kwa sababu jina lisilo na TIN ni fedha isiyo na mwenyewe. Adai slipu ya kila mwezi, yenye muhuri, kabla ghala halijafungwa. Ikifika Februari hakuna wa kuipiga muhuri. Achukue nakala ya mkataba unaoonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Aambatanishe na jumla ya mwaka kwa kalenda, Januari hadi Desemba, si jumla ya msimu, maana msimu mmoja unakaa kwenye miaka miwili na maombi yatakuwa mawili.

Kwa karani wetu ombi la kwanza ni la 72,000, la pili la 24,000. Nauli ya kutoka Tandahimba hadi ofisi ya mkoa, kwenda na kurudi, mara mbili au tatu kufuatilia jalada, inatoka humohumo.